Ukurasa wa Majina Ambao Hakuna Aliyeuona

Ndugu zangu, nimeambiwa nisimame niseme yaliyonipata mwaka huu, na nimeambiwa niwe mfupi. Nitajaribu. Lakini nawaambia mapema, haya si maneno ya mtu mpole. Mwaka huu nimekuwa mtu wa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu ya ukurasa wa kompyuta. Juu ya vichwa vya habari na mahali vinapokaa. Ndiyo, chekeni. Hata dada yangu alicheka. Ngojeni tu.

Wengine mnanijua kutoka kambini, lakini naona nyuso mpya, kwa hivyo nianzie kwetu. Kule juu nilikuwa na duka la kuchapa. Nilianza na taipureta moja, nikiandika barua za chifu, mitihani ya shule za msingi, kadi za harusi na programu za mazishi. Baadaye nikasoma kompyuta jioni, nikanunua mashine mbili na skana. Watu walikuwa wakisema kama unataka kitu kiandikwe vizuri, nenda kwa yule mama. Nilijivuna, sitaficha.

Halafu ikaja Januari, ile ya fujo za uchaguzi. Sitaisimulia. Kila mtu hapa ndani ana Januari yake na hahitaji yangu. Duka liliungua, na mimi nikashuka Nakuru na mkoba mmoja. Dada yangu alinipokea kwake mtaa wa Section 58, nikalala na watoto wake watatu chumba kimoja. Mchana nilikuwa naenda kambini, kwenye mahema ya waliofukuzwa makwao, kwa sababu nusu ya watu wa kwetu walikuwa pale, na kukaa nyumbani nikitazama ukuta kulikuwa kunanimaliza.

Sasa, mnakumbuka shida iliyokuwa kubwa kuliko blanketi. Watu walikuwa wamepotezana. Simu zimeungua na namba zote ndani. Mama yuko Nakuru, mtoto yuko Eldoret, shangazi hajulikani. Makanisa yakaunda kamati ya kusaidia watu watafutane, na mfadhili mmoja akaipa kamati tovuti. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, akasimama akauliza, "Nani hapa anajua kompyuta?"

Mkono uliopanda ni huu.

Majina yalikuwa kwenye daftari, yameandikwa kwa kalamu na watu kumi tofauti. Nikaona kuyachapa yote kutachukua mwezi. Nikachukua njia ya mkato. Nikazichana kurasa za daftari vizuri, nikazipitisha kwenye skana ya ofisi ya kanisa, nikaziweka kwenye tovuti kama picha. Nilipunguza kingo, nikaweka na mpaka wa maua. Ilipendeza! Unafungua, unaona mwandiko wa mtu, jina baada ya jina.

Lakini kabla ya kuyafikia hayo majina, ulipitia kwanza mambo ya kamati. Juu kabisa kulikuwa na maneno KARIBU SANA yanayotembea kutoka kulia kwenda kushoto. Yanapotea, yanarudi, yanapotea. Chini yake picha ya kamati, wote wameketi wamevaa suti. Halafu ujumbe wa mwenyekiti, aya saba. Halafu mstari wa Biblia. Halafu kidude cha kuhesabu wageni. Mwisho kabisa, herufi ndogo, "Bonyeza hapa." Ukibonyeza hapo ndipo unakutana na watu waliopotea.

Mwenyekiti alifurahi. Mimi nilifurahi. Tuliomba, tukapiga makofi.

Kambini kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza saa kwenye soko la kwetu. Ameketi pale miaka na miaka, na kile kioo chake cha jicho moja. Mke wake alishafariki. Alikuwa na binti mmoja tu, yuko Uingereza anafanya kazi ya kutunza wazee. Simu ya mzee iliungua, namba ya binti ilikuwa ndani ya simu, na kichwani hakuwa nayo. Nani siku hizi ana namba kichwani?

Kila asubuhi nikifika alikuwa ananiuliza, "Mama, bado niko kwa mtandao?"

"Uko, mzee. Dunia nzima inakuona."

Anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye hema lake ametosheka. Kila asubuhi, ndugu zangu. Dunia nzima inakuona. Nikikumbuka maneno hayo mpaka leo nasikia aibu.

Mwezi wa tatu akaja mwanamke kutoka Mombasa, kwa basi, anamtafuta dada yake. Nikamwambia kwa raha, "Ngoja nikuangalizie." Nikamfungulia ukurasa kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa. Dada yake alikuwepo, ukurasa wa nne, mstari wa tatu kutoka chini. "Huyu hapa," nikasema. Yule mwanamke akaanza kulia kwa furaha.

Tukaenda kambini pamoja. Jirani wa hema akatuambia dada ameondoka wiki mbili zilizopita. Alipanda lori na familia nyingine, na hakuna aliyejua walikoelekea.

Mwanamke hakupiga kelele. Nilitamani apige kelele. Aliniuliza tu, "Hilo jina mliliweka lini?"

"Februari, mwanzoni."

"Mama, mimi ninafanya kazi kwa ofisi yenye mtandao. Nimekuwa nikiandika jina la dada yangu kila siku tangu Februari. Kila siku. Sijawahi kuuona huu ukurasa wenu."

"Haiwezekani."

Tukaingia cyber, duka la mtandao lililokuwa karibu. Akaliandika jina kwenye injini ya kutafuta mbele yangu. Hakuna. Nikaliandika mimi. Hakuna. Nikaandika jina la kamati yetu, nikaletewa kwaya ya nchi nyingine. Nikaandika jina la yule mzee wa saa. Hakuna.

Akachukua mkoba wake akasimama. Akasema, "Kwa hivyo mlimweka mahali ambapo lazima mtu asafiri mpaka Nakuru ndiyo amwone."

Nilirudi Section 58 nikalala. Sikwenda kambini kesho yake, wala kesho kutwa. Zaidi ya wiki nzima sikwenda. Sikuwa mgonjwa. Nilishindwa tu kumtazama yule mzee machoni. Nilikuwa nimelipoteza duka langu nikasimama, lakini hii ilinikalisha chini. Hasira ilinijaa juu ya mfadhili, juu ya mwenyekiti na suti zake, juu ya daftari, na usiku na mchana juu yangu mwenyewe. Watoto wakisema shikamoo naitika kama mtu anayedaiwa.

Dada yangu alivumilia akachoka. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi. "Wewe unalala kama mtu aliyefiwa na website."

"Niache."

"Sikuachi. Bosi wangu ana website, na wakulima wanampigia hata kutoka Kitale. Wanampataje? Jumatatu unakuja kazini na mimi unamuuliza."

Dada yangu ni keshia kwenye duka la spea za trekta hapa mjini. Mwenye duka ni mzee mmoja Singasinga, Mhindi wa kilemba, familia yao iko Nakuru tangu zamani za babu. Sitamtaja jina, ameniomba nisimtaje. Nitamwita Bwana wa Spea.

Jumatatu nikaenda. Nilikuwa nimejiandaa kuonyeshwa mambo makubwa. Aliniagizia chai, akafungua ukurasa wetu. KARIBU SANA ikapita. Ikapita tena.

"Hii itasimama lini?" akauliza.

"Haisimami."

"Haya. Majina yako wapi?"

Nikamwonyesha "Bonyeza hapa." Akabonyeza. Akaangalia zile picha zangu zenye mpaka wa maua. "Mama, hebu shika hilo jina la kwanza kwa mausi. Lipake rangi, kama unataka kulikopi."

Nikajaribu. Mausi ikapita juu ya jina kama mkono juu ya kioo. Nikajaribu tena.

"Haishiki," nikasema.

"Kama wewe huwezi kulishika, ile mashine ya kutafuta haiwezi kulisoma. Wewe unaona majina. Yenyewe inaona picha, basi. Hapa umeweka watu wote hawa, na kwa mashine hakuna hata mtu mmoja."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini hakuwa amemaliza. Akanionyesha kwa kidole pale juu kabisa ya dirisha, mahali ambapo mimi sikuwahi kuangalia. "Soma hapo. Hilo ndilo jina la ukurasa wako."

Nikasoma. Liliandikwa New Page 1.

"Unajua dunia hii ina New Page 1 ngapi?" akauliza. Hakucheka. Aliona uso wangu.

Akanifungulia tovuti yake mwenyewe. Akaniambia mwanzoni nayo ilikuwa kama yetu. Ilianza na picha ya babu yake aliyefungua duka, halafu historia ya familia, halafu picha ya ufunguzi wa ghala. Mwaka mzima hakupata simu hata moja. "Nilikasirika, Mama. Nikasema huu mtandao ni wizi. Halafu mpwa wangu akaniuliza, mkulima akiharibikiwa shambani anaandika nini? Nikafikiria. Mkulima hatafuti babu yangu. Anatafuta fenibelti ya trekta yake."

Sasa ukurasa wake ulikuwa na kichwa kimoja kikubwa juu, Spea za Trekta Nakuru. Chini yake vichwa vidogo, kila aina ya trekta na kichwa chake. Chini ya kila kichwa, vipuri vyake kwa majina ambayo mafundi wanayatumia. Babu yuko, ana ukurasa wake mwenyewe, anayemtaka atamkuta.

Nikamwambia, "Lakini hata mimi nilikuwa na vichwa. Niliandika kwa herufi kubwa, nene, na mstari chini." Nimefundisha watu taipureta, jamani! Kichwa ni herufi kubwa na mstari chini, tangu enzi na enzi.

"Mashine haioni unene," akasema. "Lazima uiambie kwa alama zake kwamba hiki ni kichwa kikuu, hiki ni kichwa cha chini yake. Cha kwanza kimoja tu. Vingine vinafuata kwa mpango, usiruke. Ukifanya hivyo inajua ukurasa unahusu nini na kila sehemu inahusu nani."

Basi hayo ndiyo yote. Hakukuwa na uchawi. Nilikaa pale nikiwaza juu ya dada wa yule mwanamke na lile lori, na nikaona kilichomkosesha ni uvivu wangu wa kuchapa na kupenda kwangu maua.

Bwana wa Spea akanipa meza kwenye chumba cha nyuma, kati ya masanduku ya filta. Nikaanza kuchapa. Kwanza nilirudi kambini na daftari jipya, hema kwa hema, nikiomba ruhusa upya. Wapo waliosema hawataki jina lao lionekane, walikuwa na sababu zao, tukawaacha. Waliokubali niliwauliza unatoka wapi, ulikuwa unafanya kazi gani, unamtafuta nani. Namba ya simu tuliweka ya ofisi ya kanisa peke yake. Kila mji ukapata ukurasa wake, na jina la mji kwenye kichwa kikuu. Kila mtu akapata kichwa chake kidogo, na maelezo yake chini.

Yule mzee wa saa aliniona nikipita. "Mama, ulikuwa umepotea. Bado niko kwa mtandao?"

Nikapiga magoti pale mlangoni kwa hema. "Mzee, hukuwa. Nilikosea. Nilikuwa nakudanganya bila kujua."

Akaniinua kwa mkono. Kisha akasema, "Basi niweke sasa."

Ndugu zangu, mngedhani vita vimekwisha. Bado kamati!

Nilipeleka karatasi ya mpango mpya kwenye mkutano. Mwenyekiti akaisoma kwa miwani, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Sioni ujumbe wangu."

"Uko, Mwalimu. Una ukurasa wake, unaitwa Kuhusu Kamati."

"Mgeni anaingia nyumbani kwa watu bila kukaribishwa?"

"Huyo mgeni anamtafuta mama yake, Mwalimu."

Mweka hazina akauliza picha ya kamati itakuwa wapi. Mwingine akasema mpwa wake wa Nairobi amemwambia kuna ujanja, unaandika neno moja mara mia kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, watu hawalioni lakini mashine inaliona. Nikamwambia Bwana wa Spea alishanionya kuhusu hilo, mashine ikikushika inakutupa nje kabisa. Akasema basi mpwa wake ni mwongo? Tukapoteza nusu saa juu ya mpwa.

Halafu katibu akaleta yake. Akasema kichwa kikuu cha kila ukurasa lazima kiwe jina rasmi la kamati, kwa sababu ya protokali. Jina lenyewe ni refu, sitalisema lote, lilianza na Idara ya Huruma na Maridhiano.

Hapo nilisimama. Nilipiga meza, na mimi si mtu wa kupiga meza. "Nani," nikasema, "nani hapa duniani ataandika Idara ya Huruma na Maridhiano wakati anamtafuta mama yake? Nani? Mama yake hakuzaliwa na Idara! Nimemwona mwanamke ametoka Mombasa akamkosa dada yake kwa wiki mbili, kwa sababu sisi tulikuwa tunajikaribisha wenyewe!"

Nilijua nimevuka mpaka. Nikaketi nikaanza kukusanya karatasi zangu niende.

Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mimi nikipotea, watoto wangu wataandika nini?"

"Wataandika jina lako, Mwalimu. Na jina la shule uliyofundisha."

"Si mwenyekiti wa kamati?"

"Sidhani, Mwalimu."

Akaendelea kushika ile miwani. Kisha akamwambia katibu, "Andika. Mama afanye anavyoona." Na akaongeza, "Hayo maneno yanayotembea pia yatolewe. Yananiumiza macho tangu siku ya kwanza."

Tangu siku ya kwanza! Na hakusema!

Tukapandisha kurasa mpya. Kesho yake nikaandika majina kwenye injini ya kutafuta. Hakuna. Kesho kutwa, hakuna. Wiki, hakuna. Nikaenda kwa Bwana wa Spea karibu kulia. Akaniambia mashine inapita ikipenda, haiitwi kama teksi. Akasema niombe makanisa na shule zenye tovuti ziweke kiungo cha kuja kwetu, na kiungo chenyewe kiseme kinakwenda wapi, kiandikwe "watu wanaotafuta jamaa zao Nakuru," kisiandikwe "bonyeza hapa." Yeye mwenyewe akakiweka chini ya matrekta yake.

Ilikuwa kama mwezi. Asubuhi moja niliandika jina la mwalimu mmoja wa kambini, na ukurasa wetu ukatokea. Wa pili kutoka juu! Nilipiga ukelele, wateja wa spea wakageuka. Wiki hiyo simu ya ofisi ya kanisa ikaanza kulia. Kaka mmoja kutoka Thika. Mama mkwe kutoka Busia. Yule mwalimu wa kambini alipigiwa na wanafunzi wake wa zamani wanne kabla ya kupigiwa na mke.

Lakini binti wa mzee wa saa, kimya.

Na muda ulikuwa unakwisha. Kikundi cha mzee kilikuwa kimepata kipande cha ardhi Mai Mahiu, na wiki inayofuata wangehama. Nilikwenda nikaketi naye. Nikamwomba kitambulisho nihakikishe jina. Nilikuwa nimelinakili herufi kwa herufi.

"Hilo nalo," akasema, "karani aliandika alivyosikia. Si hivyo linavyoandikwa. Binti yangu analiandika vile alivyokuwa akiliandika shuleni."

"Mzee! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliniomba kitambulisho, nikakupa."

Nilitaka kumrarua na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Nikauliza, "Na watu wa sokoni walikuwa wanakuita hivyo kweli?"

"Wa sokoni? Hakuna anayelijua hilo jina. Wananiita Mzee Dakika. Hata binti yangu, wenzake walikuwa wanamwita Msichana wa Dakika."

Jina la utani halikuwa Dakika hasa, nimelibadilisha kidogo, lakini mmeelewa. Miezi yote hiyo nilikuwa na jina la karani, na jina la mtu mwenyewe lilikuwa limekaa mbele yangu linakunywa uji.

Siku hiyo hiyo nikabadilisha. Kichwa chake kikawa Mzee Dakika, fundi wa saa, na jina la soko letu. Chini yake nikaweka jina kwa maandishi yote mawili, la kitambulisho na la kweli. Sikumuuliza katibu.

Mzee akahamia Mai Mahiu na wenzake. Siku kumi na kitu zikapita. Ijumaa moja mhudumu wa ofisi ya kanisa akanipigia. "Mama, kuna mtu amepiga kutoka ng'ambo. Nimejaribu kumwelewa, analia tu. Anasema fundi wa saa, fundi wa saa."

Alipopiga tena nilikuwa nimeshika simu mimi. Aliniambia kwa miezi alikuwa akiandika jina la baba yake wakati wa mapumziko kazini, hapati kitu. Siku hiyo alikuwa amechoka, akaandika tu kama anavyoongea, fundi wa saa na soko la kwetu. Akamwona.

"Yuko hai?" akauliza. Ukurasa ulisema yuko, lakini alitaka kusikia mtu akisema.

"Yuko hai. Kesho saa nne za huku nipigie kwa namba yangu, nitakusomea. Nitakuwa naye."

Jumamosi nikafika Mai Mahiu, vumbi mpaka kwenye meno. Mzee alikuwa anabeba mawe ya kushikilia hema, upepo wa pale mnaujua. Aliponiona akaweka jiwe chini polepole. Nafikiri alisoma uso wangu vibaya.

"Kuna nini, Mama? Nimefutwa?"

"Hujafutwa. Keti."

Saa nne na dakika tano simu ikalia. Nikampa. Akaishika kwa mikono yote miwili. Hakusema hallo. Alisikiliza kidogo, akasema, "Umekula?" Halafu akasema tena, "Nauliza, umekula?" Nikasogea kando, kwa sababu hayo hayakuwa yangu.

Nimekaribia kumaliza, msiangalie saa. Dada wa yule mwanamke wa Mombasa hajapatikana. Nasema hivyo ili msidhani kila kitu kimenyooka. Ana ukurasa wake, na kichwa chake aliniambia yule mwanamke mwenyewe kwa simu, neno kwa neno, jina ambalo mama yao alikuwa akimwita. Nauangalia kila Jumatatu.

Mimi nina kazi sasa. Ile meza kati ya masanduku ya filta imekuwa ofisi yangu. Nawapangia watu kurasa zao, na bado nakasirika kila siku. Juzi nimetoka kwenye nyumba ya wageni Milimani. Ukurasa wao unaanza na shairi la heroe, wale ndege wa ziwani. Shairi! Nikauliza, mgeni anayetaka kulala Nakuru ataandika shairi? Mwenye nyumba akanuna. Atakuja kukubali.

Namshukuru dada yangu, kwa mwiko wake. Namshukuru Bwana wa Spea, ambaye hakunicheka. Namshukuru Mwalimu wetu, maana kukubali kuwekwa chini si rahisi kwa mtu aliyezoea kuketi mbele. Namshukuru yule mwanamke wa Mombasa, ambaye angeweza kunitukana na akanieleza ukweli. Na ninyi mlionipokea hapa nikiwa na uso wa ndimu.

Funzo langu ni hili tu. Kabla hujaandika, muulize yule anayekutafuta atatumia neno gani, na ulitangulize hilo. Yako utayasema baadaye, kama bado atakuwa anasikiliza.

Sasa nina daftari hapa. Kama kuna mtu wako ambaye hujampata, njoo nikuandike kabla hujatoka. Njoo na jina unaloitwa nyumbani. La kitambulisho ninaweza kulisoma mwenyewe.